Nyumba Ikulishe Uzeeni Bila Kukutoa Nje: Mwongozo Kamili kwa Wenye Nyumba Wazee wa Tanga

Shangazi yangu anakaa Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Nyumba ni ya vyumba sita: baraza mbele, ukumbi katikati, ua nyuma na mwembe uliozeeka pamoja naye. Ana miaka 74. Hajawahi kushika mali inayokaribia thamani ya nyumba ile, na bado dawa ya presha ikiisha huchota hela kwenye kopo la vitumbua. Siku moja mjukuu alimsomea kwenye simu kwamba Marekani kuna wazee wanaopewa fedha na benki kwa ajili ya nyumba zao, wanaendelea kulala humo humo, na deni halidaiwi mpaka wafe. Akanipigia. "Mwanangu, kitu hiki Tanga kipo? Kaniulizie."

Nilikwenda, na jibu lilinichukua miezi. Mimi nilianzia benki, ambako ndiko nilipaswa kumalizia. Hapa naandika kwa mpangilio ambao ningeufuata kama ningeanza upya. Na niseme mapema: mimi ni mtoto wa kaka yake, kwa hiyo ni mmoja wa watu ambao nyumba ile ikiuzwa wanapata kitu. Usome ushauri wangu ukilijua hilo, na ushauri wa ndugu zako nao uusikilize kwa sikio hilo hilo.

Kitu chenyewe ni nini

Kwenye mkopo wa nyumba wa kawaida unalipa kila mwezi na deni linapungua. Kwenye huu wa wazee, ambao nitauita rehani kinyume, benki inakupa fedha na wewe hulipi marejesho yoyote. Riba inaongezwa juu ya deni, na mwezi unaofuata riba inatozwa hata kwenye ile riba iliyoongezwa. Deni linanenepa kila siku uliyo hai. Linadaiwa ukifariki, ukiuza au ukihama moja kwa moja, na mara nyingi linalipwa kwa kuuza nyumba.

Mkopo wa kwanza wa namna hii unaotajwa huko Marekani ulitolewa mwaka 1961 Portland, jimbo la Maine, mji wa bandari kama huu wetu. Aliyepewa alikuwa mjane wa kocha wa mpira wa Kimarekani wa shule, na aliyempa ni mtu aliyefundishwa mpira na marehemu. Ulianza kama fadhila ya watu wanaojuana.

Leo mikopo mingi ya aina hiyo huko iko chini ya mpango wa serikali unaoitwa HECM, wenye bima ya wakala wa serikali, FHA. Mkopaji awe na miaka 62 au zaidi na aishi ndani ya nyumba hiyo. Kabla ya kusaini ni lazima akae na mshauri aliyeidhinishwa, asiye muuzaji wa mkopo. Deni likizidi thamani ya nyumba, warithi hawadaiwi ile tofauti. Warithi wanaotaka kubaki na nyumba wanaweza kulipa deni lote, au asilimia 95 ya thamani ya nyumba kama deni ni kubwa kuliko hapo. Hizo ndizo habari zinazofika kwenye simu za wajukuu. Habari zisizofika ni kwamba kodi ya jengo, bima na matengenezo yote yanabaki juu ya mzee, na akishindwa kuvilipa anaweza kupoteza nyumba akiwa hai. Pia akiwa peke yake na akakaa hospitali au kituo cha wauguzi zaidi ya miezi 12 mfululizo, deni linaiva.

Kiasi unachopewa hutegemea umri, thamani ya nyumba na riba. Kadiri unavyozidi kuwa mzee unapewa zaidi, na kadiri riba inavyokuwa kubwa unapewa kidogo. Hapo kwenye riba ndipo hesabu yetu inapokwama. Chukua mfano wa nyumba ya shilingi milioni 90, mzee akachukua milioni 20 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, halafu asilipe kitu. Baada ya miaka 5 deni ni milioni 44. Baada ya miaka 10 ni milioni 98, yaani nyumba imekwisha. Akijaaliwa miaka 15, deni ni milioni 217. Huyo shangazi yangu mama yake alifika miaka 91.

Ndiyo maana benki nilizoingia zilinipa jibu moja. Zina mikopo ya nyumba, ndiyo, lakini ya kulipa kila mwezi, na afisa mikopo anataka kuona mshahara au biashara. Milioni 20 hizo hizo, kwa riba hiyo hiyo, zikilipwa kwa miaka 5, ni karibu shilingi 486,000 kila mwezi. Mzee wa vitumbua hana hizo. Basi swali nikaligeuza: kama lengo ni nyumba impe mzee fedha bila kumtoa ndani, njia zipi zipo hapa hapa mjini?

Hatua ya 1: Jua nyumba ni ya nani

Utashangaa jinsi swali hili linavyowakera watu. "Ni yangu, nimekaa miaka arobaini." Sawa. Fungua kasha, toa karatasi.

Tulipofungua kasha la shangazi tulikuta hati yenye jina la babu. Babu alifariki zamani, mirathi haikufunguliwa, kila mtu aliendelea na maisha yake. Aliacha mtoto mmoja wa kiume, baba yangu, na mabinti wawili. Bibi alikwisha kutangulia. Kwa mgawanyo wa Kiislamu mtoto wa kiume huchukua mafungu mawili ya binti. Kwa hiyo nusu ya nyumba ilikuwa ya baba, robo ya shangazi wa Pangani, na robo ya huyu aliyeishi humo, akapaka chokaa na kubadilisha mabati kwa hela yake. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama chai imepoa.

Kama jina kwenye hati ni la marehemu, huwezi kuweka rehani wala kuuza kihalali mpaka apatikane msimamizi wa mirathi. Ndugu wanakaa kikao, muhtasari unaandikwa na kusainiwa, wanapendekeza mtu, na ombi linapelekwa mahakamani. Mirathi ya Kiislamu na ya kimila husikilizwa Mahakama ya Mwanzo. Utahitaji cheti cha kifo. Kwa vifo vya zamani cheti chenyewe ni safari, kianze mapema RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Msimamizi akishateuliwa haimaanishi nyumba ni yake. Kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni na kugawa. Wako wasimamizi waliojisahau wakauza.

Kama jina ni lako, endelea kuangalia yafuatayo.

Hati ni ya miaka mingapi? Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na ulichonacho ni haki ya kuimiliki kwa muda: miaka 33, 66 au 99. Hesabu kutoka tarehe iliyoandikwa. Hati iliyobakiza miaka michache benki haiitaki, na mnunuzi atakushusha bei.

Una hati au una ofa? Wazee wengi wana barua ya toleo tu, au karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Karatasi hiyo ni ushahidi mzuri wa kuanzia, lakini si hati. Nenda ofisi ya ardhi, uliza kiwanja kimepimwa, kina namba gani, na kodi ya pango la ardhi imelipwa hadi lini. Deni la pango huwa linalala miaka halafu linaibuka siku unayotaka kuuza.

Je, ni wakfu? Mji huu una nyumba zilizowekwa wakfu na mabibi na mabwana wa zamani, kwa ajili ya msikiti au kizazi chao. Nyumba ya wakfu haiuzwi wala haiwekwi rehani, hata kama aliyemo ni mjukuu wa aliyeiweka.

Na kama unakaa yale majengo ya ghorofa katikati ya mji, karibu na bandari, hakikisha wewe si mpangaji. Sheria ya Utwaaji wa Majengo ya 1971 iliyachukua majengo mengi ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Kuna watu waliozaliwa mle wakadhani ni kwao.

Mwisho wa hatua hii, omba upekuzi kwa Msajili wa Hati. Utajua jina lililosajiliwa ni la nani, na kama kuna rehani ya zamani au zuio ambalo ndugu aliliweka bila kukuambia. Sisi tulidhani hakuna kitu. Palikuwa na rehani ndogo ya babu iliyokwisha kulipwa lakini haijafutwa, na kuifuta kulichukua muda kuliko mirathi yenyewe.

Hatua ya 2: Fedha ni za nini, na kiasi gani kwa mwezi

Hii ni fupi ila usiiruke. Mzee anapenda kusema "nipate milioni 20." Muulize za nini. Kwa shangazi zilikuwa: dawa, umeme, chakula, mtu wa kumsaidia kazi, na paa linalovuja upande wa jikoni. Ukiondoa paa, vyote vingine ni matumizi ya kila mwezi, na jumla yake ilikuwa chini ya shilingi 200,000. Mtu mwenye mahitaji ya kila mwezi asipewe fungu kubwa kwa mkupuo. Fungu kubwa lina ndugu wengi.

Hatua ya 3: Ifanye nyumba ilipe kabla ya kuikopea

Nyumba ya vyumba sita ilijengwa kwa ajili ya jambo hili. Mabibi zetu waliishi chumba kimoja, wakapangisha vilivyobaki, na kodi ndiyo iliyosomesha watu.

Turudi kwenye mfano wetu. Vyumba vinne kwa shilingi 40,000 kila kimoja ni 160,000 kwa mwezi, milioni 1.92 kwa mwaka. Kwa miaka 10 ni milioni 19.2. Linganisha na ile milioni 20 ya mkopo iliyomeza nyumba nzima kwa miaka 10 hiyo hiyo. Hapa baada ya miaka 10 nyumba ipo na deni halipo. Ondoa matengenezo na miezi ambayo chumba kiko wazi, bado tofauti ni kubwa.

Kwa mzee mambo haya yana ugumu wake, tusidanganyane. Choo cha pamoja, wapangaji wenye muziki, kodi inayocheleweshwa na kijana anayekuamkia shikamoo kwa adabu kila asubuhi. Kwa hiyo:

Andika mkataba, hata wa ukurasa mmoja, na chukua kodi ya miezi sita au zaidi mbele kama ilivyo desturi. Weka kando kodi ya miezi miwili kwa ajili ya ukarabati.

Tenganisha mita ya umeme ikiwezekana. Kumbuka kodi ya majengo tangu Julai 2021 inakatwa kwenye LUKU, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayeilipa. Kama mita iko kwa mpangaji, mkubaliane kwenye mkataba.

Mpe mtu mmoja wa familia kazi ya kukusanya, na hela iingie kwenye akaunti au simu ya mzee mwenyewe, si ya mkusanyaji.

Kama nyumba inatazama barabara, fremu za duka ni bora kuliko vyumba. Kama huna mtaji wa kujenga fremu, kuna mpango unaotumika sana: mpangaji anajenga kwa gharama zake na anakata kwenye kodi mpaka amalize. Mpango ni mzuri, ugomvi wake unajulikana. Kabla fundi hajaleta tofali, mkubaliane kiasi cha ujenzi kwa orodha ya vifaa yenye bei, kodi ya mwezi itakayokatwa, idadi ya miezi, na kwamba jengo ni mali ya mwenye nyumba tangu siku ya kwanza. Na usikate kodi yote: mpangaji alipe nusu taslimu, akate nusu. Mzee hawezi kungoja miaka mitatu ndipo aone shilingi. Akitoa kilemba, yaani fedha ya kupewa nafasi, kiandikwe ni kilemba na hakirudishwi, la sivyo siku ya kuondoka kitageuka kuwa mkopo aliokukopesha.

Wako pia watakaokuja na ramani ya ghorofa: "Mama, wewe toa kiwanja, sisi tunajenga, utapata sehemu mbili." Sheria inaruhusu kila sehemu ya jengo kuwa na hati yake, tangu 2008, kwa hiyo ubia unawezekana. Ila mzee wa miaka 74 atakaa wapi wakati wa ujenzi, na ujenzi ukisimama kwenye nguzo? Kwa umri huo mimi ningekataa, isipokuwa kuna mahali pa kukaa palipolipiwa mbele na watoto wa kusimamia. Na kama jengo ni la zamani kweli, la mawe na milango ya nakshi, ulizia kwanza Idara ya Mambo ya Kale kabla ya kugusa ukuta.

Hatua ya 4: Kuuza huku ukibaki ndani

Wafaransa wana njia yao, viager. Mzee anauza nyumba, anapata fungu la kuanzia na malipo ya kila mwezi mpaka afe, na anaendelea kukaa humo. Mwaka 1965, mji wa Arles, mwanasheria wa miaka 47 alinunua hivyo nyumba ya Jeanne Calment, bibi wa miaka 90, kwa faranga 2,500 kila mwezi. Mwanasheria alifariki 1995 akiwa bado analipa, hajalala humo hata usiku mmoja. Familia yake ikaendelea kulipa mpaka bibi alipofariki 1997, akiwa na miaka 122. Shangazi alipenda hadithi hii akaomba irudiwe.

Kwa Waislamu, malipo ambayo jumla yake haijulikani kwa kuwa hakuna ajuaye siku ya kufa, masheikh watayaona yana gharar, yaani mauziano ya kubahatisha. Kuna namna ya kuyanyoosha: bei iwe moja, inayojulikana, ilipwe kwa mafungu kwa miaka iliyotajwa, na mzee apewe haki ya kukaa kwa mkataba tofauti. Mke, watoto au warithi wengine wahusishwe.

Mnunuzi anayefaa mara nyingi yumo ndani ya familia. Mtoto aliyeko Dar es Salaam au Muscat anayetuma hela kila mwezi bila hesabu, anaweza kutuma hizo hizo kama malipo ya nyumba. Tofauti na wasia ni kubwa. Wasia wa Kiislamu hauvuki theluthi moja ya mali, na kumwandikia mrithi hakupiti mpaka warithi wengine waridhie. Mauzo ya kweli, kwa bei ya kweli, yaliyolipwa kwa ushahidi wa benki, yanasimama. Mauzo ya shilingi laki mbili kwa nyumba ya milioni 90 yatavunjwa mahakamani, na ndugu hawatasemeshana tena.

Haki ya kubaki ndani isiishie kwenye maneno wala kwenye karatasi ya nyumbani. Iandikwe na wakili kama upangaji wa muda mrefu, mfano miaka 20 kwa kodi ndogo, na isajiliwe kwa Msajili wa Hati siku moja na uhamisho. Sababu ni hii: mwanao ni mwema, lakini anaweza kufilisika, kuachana na mkewe, au kufa kabla yako. Mtu atakayenunua kutoka kwake hakujui.

Tenga fedha za gharama. Kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya bei, ada za ofisi ya ardhi, na kodi ya faida ya mauzo ya asilimia 10 kwa mkazi. Nyumba uliyoishi mwenyewe ina nafuu yake, iulizie TRA kabla ya kukubaliana bei, si baada.

Hatua ya 5: Kama lazima ukope

Ukiwa mstaafu wa NSSF au PSSSF, anza na mkopo unaokatwa kwenye pensheni. Benki kadhaa zinautoa, na nyumba haiguswi. Kwa anayekwepa riba kuna benki na madirisha ya Kiislamu, kama Amana Bank. Huko watakuzungumzia ubia au ununuzi wa bidhaa kwa faida iliyotajwa mbele, lakini nao watataka marejesho ya kila mwezi.

Ukiweka nyumba rehani, mambo yatakwenda hivi. Benki itamtuma mthamini. Hakikisha amesajiliwa kwa Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016, na uombe nakala ya ripoti maana unailipia wewe. Utaona namba mbili: thamani ya soko na thamani ya kuuza kwa haraka. Benki huangalia ya pili, ambayo ni ndogo. Kisha rehani inasajiliwa kwenye hati yako.

Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya maandishi ya mke au mume anayeishi humo. Wake wakiwa wawili, wote wawili. Hilo limo kwenye Sheria ya Ardhi ya 1999, na Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inamlinda mwenza. Ukiwa mama na mumeo amekopa bila wewe kujua, weka zuio kwenye ofisi ya Msajili mapema, usingoje tangazo la dalali.

Mkopaji akishindwa kulipa, mkopeshaji lazima atoe notisi ya siku 60 kabla ya kuuza. Anapouza anawajibika kutafuta bei nzuri, na bei iliyo chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi inampa mwenye nyumba nguvu ya kuhoji. Siku hizo 60 ndizo za kwenda kwa wakili, kujadiliana na benki au kujiuzia mwenyewe kwa bei ya maana. Kuzificha barua chini ya godoro hakusimamishi hesabu.

Sasa, wale wakopeshaji wa kausha damu. Wanakuja mpaka barazani, hawaulizi mshahara, wanataka hati tu, "tuishike." Na karatasi wanayokusainisha haisemi mkopo, inasema umeuza. Nimeiona moja, ya jirani: mkopo wa milioni 3, karatasi ya mauziano ya nyumba. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 mkopeshaji lazima awe na leseni ya Benki Kuu. Omba kuiona, andika namba. Asiye nayo, mwoneshe mlango, hata kama ni mtoto wa mtaani kwenu.

Hatua ya 6: Kabla ya kutia dole gumba

Chochote utakachochagua, mambo haya yafanyike.

Mkataba usomwe kwa Kiswahili, wote, mbele ya mtu asiyefaidika na mkataba huo. Kama macho hayaoni vizuri, iandikwe mwisho wa mkataba kwamba umesomewa, na nani amekusomea.

Wakili wako asiwe wakili wa mnunuzi wala wa benki. Kama huna fedha, wapo watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ulizia ustawi wa jamii au ofisi ya kata wakuelekeze.

Hati ya uwakilishi uliyompa mtoto iseme kazi moja tu, mfano kukusanya kodi ya fremu. Ukiandika "mambo yote ya nyumba" umempa na kuuza. Hati hiyo inakufa na wewe. Mtoto anayeitumia baada ya mazishi amevunja sheria.

Weka nakala mahali pawili. Tanga kuna joto, unyevu na mchwa, na kasha la mbao si benki.

Ugomvi ukizuka, Baraza la Kata siku hizi linapatanisha tu. Kesi yenyewe inakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Siku mtu akija na rehani kinyume yenyewe

Inawezekana. Mji unakua, bandari imeongezwa kina, watu wenye fedha wanatafuta nyumba. Ukikaribishwa, muulize haya na udai majibu kwa maandishi. Deni likipita thamani ya nyumba, nani anabeba? Akisema warithi, mazungumzo yameishia hapo. Riba inabadilika au imefungwa? Akuandikie deni litakuwa kiasi gani baada ya miaka 5, 10 na 20. Nikifa leo, mwenzangu ambaye hakusaini atabaki ndani au atatolewa? Nikilazwa Bombo miezi mitatu, au nikienda kukaa kwa binti yangu Korogwe nikiugua, itahesabika nimehama? Warithi watapewa miezi mingapi kukomboa? Paa likibomoka na sina hela, mtanifanya nini?

Shangazi hakuchukua mkopo wowote. Tulikaa kikao, shangazi wa Pangani akaja na basi la asubuhi, mirathi ikafunguliwa, majina yetu sote yakaingia. Tukaandikiana kwamba yeye anakaa na anakula kodi maisha yake yote, na mgawanyo ungoje. Vyumba vitatu vimepangishwa kwa walimu. Fremu moja inajengwa na kijana wa duka la dawa, anakata nusu ya kodi, na nusu ndiyo inayonunua dawa ya presha kwenye duka lake mwenyewe. Kilichobaki cha kugombania ni mwembe. Fundi anasema mizizi itapasua msingi wa fremu. Shangazi anasema msingi usogee.